Fidia si Huruma: Uhakiki wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi kwa Macho ya Ngara na Biharamulo

UTANGULIZI

Sheria ya kazi hupimwa kwa hali ya mtu aliye mbali kabisa na mahali ilipotungwa. Ndiyo sababu tumechagua kuihakiki Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, tukiwa tumesimama katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, na si katika kumbi za semina. Wilaya hizi ziko pembezoni mwa ramani, lakini haziko pembezoni mwa uzalishaji. Nikeli ya Kabanga iko Ngara. Umeme wa maporomoko ya Rusumo unazalishwa Ngara. Dhahabu ya Tulawaka ilichimbwa Biharamulo, na hadi leo maelfu ya mikono ya wachimbaji wadogo inaitafuta dhahabu katika vilima vya wilaya hiyo. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali na Bujumbura hupita Nyakanazi na Lusahunga, yakiwa na madereva, matingo na wapakiaji wake.

Mahali penye uzalishaji wa namna hii pana pia vidole vilivyokatika, migongo iliyovunjika na vifua vilivyojaa vumbi la mawe. Swali letu ni moja: mtu anapoumia katika kazi hizi, gharama inabebwa na nani? Je, inabebwa na shughuli iliyomuumiza, au inarudishwa kimyakimya kwa mke wake, watoto wake na shamba lake la migomba?

Kuna ndugu zetu wanaodhani kwamba swali hili limekwisha kujibiwa, kwa kuwa sheria ipo na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo. Kuna wengine wanaodhani kwamba halina jibu, kwa kuwa chini ya uchumi wa soko mnyonge hapati kitu. Uhakiki huu unakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba kosa lao lina mzizi mmoja.

HATARI YA KAZI NI MALI YA NANI?

Mtu anapouza nguvu zake za kazi, huuza muda wake na juhudi zake. Hauzi mkono, jicho wala pafu. Mshahara wa mwezi hulipia chakula, kodi ya nyumba na nauli ya mwezi ule. Hakuna mahali ambapo mwajiri alikaa na kukadiria mshahara kwa kuweka ndani yake bei ya mguu. Basi mguu ukivunjika chini ya shimo, au mkono ukinaswa na mkanda wa mashine, mfanyakazi ametoa kitu ambacho hakikuwamo katika mapatano. Na amekitoa akiwa katika shughuli inayomletea mtu mwingine faida. Kwa hiyo kuumia kazini ni gharama ya uzalishaji, kama yalivyo mafuta ya jenereta na magogo ya kuzuia mwamba. Mwenye shughuli halalamiki kulipa mafuta. Hana haki ya kulalamika kulipia mfupa.

Ubepari wa Ulaya uliukataa ukweli huu kwa muda mrefu. Nchini Uingereza, kuanzia kesi ya Priestley dhidi ya Fowler ya mwaka 1837, mahakama zilishikilia kwamba mtumishi aliyeumia kwa sababu ya mtumishi mwenzake hana haki ya kumdai bwana wake, kwa hoja kwamba alipoikubali kazi aliikubali na hatari yake. Mfanyakazi alitakiwa athibitishe kosa la tajiri mwenyewe, tena akiwa kitandani na bila fedha za wakili. Ujerumani ndiyo iliyovunja kanuni hiyo, mwaka 1884, kwa bima ya ajali iliyogharimiwa na waajiri wote kwa pamoja, bila kuuliza kosa ni la nani. Bismarck hakufanya hivyo kwa mapenzi. Tangu mwaka 1878 alikuwa amevipiga marufuku vyama na mikutano ya wasoshalisti, na bado nguvu zao zilikuwa zikikua. Uingereza ilifuata na sheria yake mwaka 1897. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu fidia ya wafanyakazi wa mashambani mwaka 1921, mikataba ya fidia ya ajali na ya usawa kwa wafanyakazi wa kigeni mwaka 1925, na mkataba mpana zaidi wa mafao ya kuumia kazini mwaka 1964.

Katika historia hiyo tunapata kanuni tatu. Ya kwanza, fidia haingoji kosa la mtu. Ya pili, waajiri wachangie kwa pamoja, ili haki ya majeruhi isitegemee mfuko wa tajiri mmoja. Ya tatu, fidia ni haki inayodaiwa, haiombwi. Kanuni hizi tatu ndizo mizani yetu.

KIJIJI KAMA MFUKO WA FIDIA USIOANDIKWA

Watu wa Ngara hawakuanza kuumia kazini jana. Wakati wa ukoloni, Wahangaza na Washubi walikuwa miongoni mwa maelfu waliotembea kwenda kaskazini kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba ya Buganda, pamoja na Warundi na Wanyarwanda waliopita katika njia hizohizo za Ngara na Biharamulo. Mshahara wa mhamiaji ulikuwa wa mtu mmoja, asiye na mke wala mtoto, kwa sababu mwajiri alijua kwamba familia inalishwa na shamba la nyumbani. Na mhamiaji alipoumia au kuchakaa, hakubaki mikononi mwa mwajiri. Alirudi. Kijiji kilimpokea, kikamlisha na kumzika. Kwa namna hiyo mkulima maskini wa Ngara alimlipia bima mwenye shamba wa nchi nyingine, na hakuna kitabu cha hesabu kilichoandika deni hilo.

Hapa Tanganyika, serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, lakini sheria kamili ya fidia kwa wafanyakazi ilingoja hadi mwaka 1949. Hatudai kwamba mgomo mmoja ndio ulioizaa. Tunachosema ni kwamba ilikuja baada ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam kugoma mwaka 1939, mwaka 1943 na tena mwaka 1947, na utawala wowote unaoogopa mgomo wa nne huanza kusikiliza.

Sheria ile ya mwaka 1949 ilikuwa na maradhi mawili makubwa. Kwanza, ilimtwisha wajibu mwajiri mmoja mmoja. Mwajiri akifilisika, akihama au akifunga mgodi, haki ya majeruhi ilibaki karatasi. Pili, ilipanga viwango vya juu kwa fedha taslimu. Shilingi iliposhuka thamani, uhai wa mfanyakazi ulishuka nao, mpaka fidia ya juu kabisa ya mtu aliyepata ulemavu wa kudumu ikawa kiasi kisichotosha kumtunza kwa miezi michache.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wengi wetu hulipita kimya. Mwaka 1967 nchi ilitangaza Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki na viwanda vikubwa. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo, na wafanyakazi wakautumia kuwahoji mameneja waliojigeuza mabwana wadogo. Lakini sheria ya kikoloni ya fidia haikung'olewa. Ilidumu kupitia NUTA, ikapita JUWATA, ikapita OTTU, ikaingia katika karne ya 21. Njia kuu za uchumi zilibadilika mwenyewe, lakini bei ya mkono wa mfanyakazi ilibaki katika daftari la gavana. Fundisho lake ni zito: kubadili umiliki wa kiwanda hakubadili peke yake uhusiano uliomo ndani ya kiwanda.

Mfano wa Tulawaka unaonyesha ubaya wa hali hiyo. Mgodi ule wa Biharamulo ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2005 ukiwa wa kampuni ya kigeni, na mwaka 2013 ukaingia mikononi mwa shirika la umma, STAMICO, kupitia kampuni yake ya STAMIGOLD. Miaka yote hiyo, ukiacha mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, sheria iliyosimamia fidia ilikuwa bado ile ya mwajiri mmoja mmoja. Hatumshtaki yeyote kwa tendo fulani. Tunauliza juu ya mfumo. Maradhi ya vumbi la mawe hayana haraka. Huchukua miaka kuonekana kifuani. Mmiliki anaweza kuwa ameondoka, jina la mgodi limebadilika na ofisi imefungwa, lakini vumbi limebaki mahali pake. Sheria inayomtafuta mwajiri mmoja haiwezi kulishika jambo la namna hiyo.

HATUA YA MWAKA 2008

Kwa mizani ya kanuni zetu tatu, Sheria ya mwaka 2008 ni hatua kubwa mbele, na mhakiki asiyekiri hivyo hana haki ya kusikilizwa. Iliunda Mfuko mmoja kwa Tanzania Bara. Waajiri wa umma na wa binafsi hulazimika kuuchangia, na mfanyakazi hakatwi hata senti. Michango ilianza Julai 2015, na mafao yakaanza kulipwa kwa matukio ya kuanzia Julai 2016. Fidia haingoji ushahidi wa kosa la tajiri. Inagusa ajali, maradhi yatokanayo na kazi, na kifo. Mafao yake ni matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malezi kwa asiyejiweza, ukarabati, gharama za mazishi na pensheni kwa wategemezi. Viwango havikufungwa tena katika shilingi zinazooza. Vimefungamanishwa na mapato ya mfanyakazi mwenyewe.

Waajiri nao walipewa nafuu. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara huku sekta ya umma ikichangia asilimia 0.5. Mwaka 2021 kiwango cha sekta binafsi kilishushwa kuwa asilimia 0.6, na mwaka 2022 kikafanywa asilimia 0.5, sawa na cha umma. Tunaambiwa kwamba punguzo hilo lilitokana na uimara wa Mfuko. Hatupingi. Lakini mfuko unaweza kuwa imara kwa njia mbili: kwa kukusanya vizuri, au kwa kutofikiwa na wanaostahili kulipwa. Kila mara uimara unapotajwa, swali la pili linapaswa kuulizwa pamoja na la kwanza. Asiyekuwapo na lake halipo.

KOSA LA KUMWITA MCHIMBAJI «MSHIRIKA»

Sasa tushuke Biharamulo, kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Hapa yupo mwenye leseni, ambayo sheria ya madini humpa Mtanzania kwa miaka 7. Chini yake yupo mwenye duara, anayegharimia kamba, magogo, chakula na baruti. Chini ya wote, kwa maana halisi ya neno, wapo wanaoshuka duarani. Hawa kwa kawaida hawana mshahara. Mawe yakipanda, gharama hutolewa kwanza, kisha mifuko ya mawe hugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, na fungu la wachimbaji. Duara lisipotoa dhahabu, wachimbaji hupata chakula walichokula tu.

Kwa sababu ya mgao huo husemwa kwamba mchimbaji si mwajiriwa. Huitwa mshirika, au mtu aliyekuja kujaribu bahati yake. Na kwa kuwa si mwajiriwa, hana mwajiri. Kwa kuwa hana mwajiri, hakuna mchango. Kwa kuwa hakuna mchango wala jina katika rejesta, duara likibomoka wanaitwa ndugu wa marehemu, unafanywa mchango wa papo kwa papo, linanunuliwa jeneza, na kesho yake kazi inaendelea.

Nadharia hii ya ushirika ni potofu, na ni lazima ihakikiwe kwa ukali. Tazameni nani anaamua. Je, mchimbaji ndiye anayepanga mahali pa kuchimba? Hapana. Je, ndiye mwenye kamba na magogo? Hapana. Je, anaweza kuuza fungu la mwenzake, au kuirithisha leseni? Hapana. Kilicho chake ni mwili wake na nusu ya matumaini. Mgao wa mawe ni ujira unaolipwa kwa kitu badala ya fedha, tena ujira unaomhamishia mchimbaji hasara yote ya shughuli. Katika kilimo tulimjua zamani mtu wa namna hii: ni yule aliyelima shamba la kabaila kwa kugawana mavuno. Hakuna aliyethubutu kumwita kabaila mwenzake.

Tena sheria zetu wenyewe hazimungi mkono mwenye nadharia hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa endapo hata hali moja kati ya kadhaa ipo: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, ni sehemu ya shughuli ya mwingine, anamtegemea mwingine kiuchumi, anapewa zana na mwingine, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi 3. Mchimbaji wa Biharamulo hana hali moja. Anazo karibu zote. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda na kifungu hicho hadi kwenye mdomo wa duara na kukisoma kwa sauti.

MLANGO ULIOKABIDHIWA MWENYE KUTAKA KUUFUNGA

Hata pale ambapo uajiri haubishaniwi, kama katika ujenzi wa barabara, viwanda vya mbao au usafirishaji, utaratibu wenyewe una kasoro. Majeruhi hutakiwa kumjulisha mwajiri. Mwajiri naye hutakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7. Madai yasipowasilishwa ndani ya miezi 12, haki hupotea. Kwa hiyo mlango wa kwanza umewekwa mikononi mwa yule ambaye, akiwa hakujisajili au ametaja mishahara pungufu, kufunguliwa kwa mlango kutamfichua.

Tuchukue mfano wa kibarua anayeangukiwa na gogo katika msitu wa kupandwa wa Biharamulo. Mwajiri anampeleka hospitali, analipa matibabu ya siku za kwanza, anampa fedha kidogo za uji na kumwambia apumzike. Mgonjwa haulizwi uji, na majeruhi anashukuru. Anamwona mwajiri wake kuwa mtu mwema. Miezi inapita. Mkono haunyooki. Anaporudi kudai anaambiwa kwamba alikwisha kusaidiwa. Hapo ndipo huruma inapokuwa silaha. Imetumika kuzima haki hadi muda wa kuidai ukwishe. Shilingi chache za uji zimeizuia pensheni ya maisha.

Kasoro ya pili iko katika hesabu ya mapato. Kwa kuwa fao hukadiriwa kwa kufuata mapato, mwajiri anayetaja mshahara mdogo ili achangie kidogo anamwibia mfanyakazi mara mbili: leo anauibia Mfuko, kesho anaiibia familia ya majeruhi. Tena mfanyakazi haoni wizi wa kwanza, kwa sababu hakatwi kitu, na kwa hiyo hana karatasi ya kukagua.

Kasoro ya tatu iko katika kipimo cha ulemavu. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na uliozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Jedwali linaloweka asilimia za viungo linafaa kwa mtu anayeweza kuhamia kazi ya mezani. Mtu wa Ngara aliyekatika vidole vya mkono wa kulia hana meza ya kuhamia. Nyuma ya kazi ya kibarua alikuwa na jembe, na jembe linataka vidole vilevile. Akilipwa kwa mkupuo, fedha huliwa na madeni ya ugonjwa, ada za shule na ndugu waliokopesha. Baada ya msimu mmoja anabaki na ulemavu wa maisha. Hatusemi kila mtu apewe pensheni. Tunasema kwamba asilimia ya kiungo ikadiriwe pamoja na kazi ambayo kiungo kile kilikuwa kikifanya.

Hatimaye kuna umbali. Majeruhi wa Ngara anayefuata ofisi za mkoa hupita Lusahunga, Biharamulo na Muleba hadi Bukoba, akiwa na mguu uliofungwa, na fomu moja ikikosa muhuri huirudia safari ileile. Urasimu wa namna hii haukutungwa na mtu mbaya. Lakini matokeo yake hayatofautiani na ya kukataliwa.

MPAKA NA MKONO ULIOKATIKA

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na kazi haijawahi kuuheshimu mpaka huo. Vibarua kutoka Burundi hulima na kuvuna katika mashamba ya Ngara. Mradi wa umeme wa Rusumo, wenye megawati 80, umejengwa kwa ubia wa nchi tatu, na umeme wake unagawanywa sawa kwa sawa. Umeme unagawanyika mara tatu. Mkono uliokatika haugawanyiki.

Jambo moja linafaa kutufundisha unyenyekevu. Rwanda na Burundi, zilizotoka chini ya Ubelgiji, zilikuwa na mfumo wa bima ya taifa wenye tawi la kuumia kazini tangu miaka ya mwanzo ya uhuru wao. Sisi, tuliotangulia kwa mambo mengi ya nadharia, tuliufikia msingi huo nusu karne baadaye. Lakini hata huko mfumo ulimfaa zaidi mtumishi wa serikali na wa kampuni kuliko kibarua wa shamba. Ugonjwa ni wa eneo zima.

Mkataba wa mwaka 1925 wa Shirika la Kazi Duniani uliweka kanuni kwamba mfanyakazi wa kigeni aliyeumia apate fidia sawa na mwenyeji. Kanuni hiyo haikuwa zawadi kwa mgeni tu. Humlinda pia mwenyeji. Iwapo Mrundi anaweza kuvunjika mgongo bure, mwajiri atamtafuta Mrundi kwa kazi zote za hatari, kisha atatumia bei yake kumshusha Mhangaza. Wanaofikiri kwamba kumnyima kibarua mgeni haki yake ni uzalendo hawajaelewa jinsi mishahara inavyoshushwa.

MITAZAMO MIWILI POTOFU

Mtazamo wa kwanza unasema kwamba sheria ni nzuri, kilichobaki ni kutoa elimu. Huu ni mtazamo wa kirasimu. Elimu inahitajika, lakini mchimbaji asiye na jina katika rejesta yoyote hawezi kuelimishwa mpaka akawa nalo. Mtazamo huu humgeuza aliyenyimwa haki kuwa mtu asiyeelewa, na humwondolea lawama aliyemnyima.

Mtazamo wa pili unajiita wa kimapinduzi. Unasema kwamba Mfuko ni ujanja wa mabepari wa kununua mifupa kwa bei nafuu, na kwamba mpaka mfumo wote ubadilike hakuna haja ya kujishughulisha na fomu. Ndugu hawa wanasahau kwamba mjane wa leo anakula leo. Wanasahau pia kwamba kila kifungu cha fidia duniani kilitolewa na watawala waliokuwa wakisukumwa. Kuiacha haki iliyokwisha kupatikana kwa kuwa haitoshi ni kumrudishia mwenye mali alichonyang'anywa.

Mitazamo yote miwili ina mzizi mmoja: inamwona majeruhi kama mtu wa kutendewa. Mmoja anataka afundishwe, mwingine anataka asubiri. Hakuna unaomwona kama mdai.

MAJUKUMU

Kutokana na uhakiki huu tunaona majukumu manne.

Kwanza, rejesta ya watu. Kila mwenye leseni awe na daftari la wanaoshuka katika maduara yake, na nakala ikae kwa serikali ya kijiji. Leseni isihuishwe bila daftari hilo. Likitokea la kutokea, tusianze kwa kuuliza waliomo chini ni wangapi.

Pili, mchango utoke kwenye dhahabu. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kuwa asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na kuanzia mwaka 2019 masoko ya madini yakafunguliwa mikoani ili kila gramu ihesabiwe. Dola inayoweza kuhesabu gramu haishindwi kuhesabu mikono. Pale ambapo hakuna orodha ya mishahara ya kutozea mchango, sehemu ndogo ya mauzo sokoni iingie katika Mfuko kwa niaba ya wachimbaji. India ilichukua njia ya namna hiyo mwaka 1996 kwa wafanyakazi wa ujenzi, ikatoza gharama ya jengo badala ya kumfukuzia kila kontrakta na vibarua wake. Jambo hili linawezekana.

Tatu, mlango wa pili. Hospitali za Murgwanza, Rulenge na Biharamulo humwona majeruhi kabla ya ofisi yoyote. Tabibu aulize swali moja, «Uliumia ukifanya kazi ya nani?», na jibu lake lihesabiwe kuwa taarifa kwa Mfuko, mwajiri apende asipende. Hapo siku 7 za mwajiri hazitakuwa tena kufuli.

Nne, vyama vya wafanyakazi. Vyama vya migodini, kama TAMICO na NUMET, vimejikita katika migodi mikubwa kwa sababu huko ada hukatwa kwenye mshahara. Kazi ngumu iko kwenye maduara, kwenye malori ya Nyakanazi na mashambani mpakani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mchimbaji mmoja akidai, huambiwa asirudi kesho. Wakidai wote wa duara, atakayebaki peke yake ni mwenye duara.

HITIMISHO

Tumeona kwamba Sheria ya mwaka 2008 imeukubali msingi ulio sahihi, kwamba gharama ya kuumia ni gharama ya uzalishaji. Lakini msingi huo unaishia pale orodha ya mishahara inapoishia, na sehemu kubwa ya kazi ya Ngara na Biharamulo inaanzia hapohapo. Mbele ya mstari huo, kijiji bado ni mfuko wa fidia, kama kilivyokuwa wakati wa safari za Buganda. Bado mama mkulima ndiye anayemlipia bima mwenye leseni.

Ikiwa Kabanga itachimbwa kwa ukubwa unaotarajiwa, na barabara za mpakani zikizidi kujaa malori, mikono itakayoingia kazini itaongezeka, na vibarua wa makontrakta wadogo watakuwa wengi kuliko waajiriwa wa kampuni yenyewe. Wakati wa kuuweka mstari mahali panapostahili ni sasa, kabla ya ajali, wakati daftari bado linaweza kuandikwa na watu wazima wa mwili.